Pumzi ya Kukasirika

Jumatatu, 3 Machi
Mahindi, fungu la kwanza: zimeota 91 kati ya 100. Fungu la pili: 88. Yote mawili yamepita.

Saa nane mchana niliomba ruhusa kazini nikaenda hospitali na mdogo wangu. Ndiye huyu tunayemwita Msasa, kwa kuwa tangu ujana kazi yake ni kusugua magari na kuyapulizia rangi. Saratani iko kwenye pafu la kulia na imeanza kuvuka kwenda la kushoto. Dawa ya kwanza ilishindwa, ya pili nayo imeshindwa. Leo daktari ametuambia kuna utafiti unaofanyika hapo hapo hospitali.

"Katika damu ya kila mtu," alisema, "kuna seli zinaitwa seli uaji asilia. Hizi hazingoji kuagizwa. Zikikutana na seli iliyoharibika, zinaiua palepale. Zako zimechoka. Tunataka kuazima za ndugu yako, tuzikuze maabara kwa wiki mbili mpaka ziwe nyingi, halafu tukutilie mshipani."

"Kwa hiyo mnaniletea wauaji wa kukodi," Msasa akasema.

"Wa kuazima."

"Afadhali. Wangu mimi ni wavivu kama mwenyewe."

Tulicheka sote isipokuwa wifi yangu, mke wake. Yeye alikuwa ameshika mkoba mapajani kama mtu aliye kituoni anangoja gari. Aliuliza jambo moja tu: "Na huyo anayetoa, anaumia?" Niliona si swali la kuuliza mbele ya mgonjwa.

Sharti nimeliandika hapa nisilisahau: siku ya kuzipokea lazima atembee korido dakika sita kwa miguu yake mwenyewe, na oksijeni isishuke chini ya tisini. Asipoweza, hapewi. Hata daktari hana uwezo wa kulipindisha hilo.

Jumatano, 5 Machi
Mvua ya kwanza. Magoti yalianza kuniambia tangu jana. Vidonge viwili asubuhi, kama kawaida.

Ijumaa, 7 Machi
Tumekaa kikao nyumbani kwa Msasa. Wanaofaa kutoa ni ndugu wa damu au mtoto. Ndugu wa damu ni mimi peke yangu. Mtoto ni binti yao mmoja, ambaye ana kichanga cha miezi mitatu. Binti alisema, "Mimi nipo tayari, shangazi." Kabla hajafunga mdomo wifi akadakia: "Haendi. Ananyonyesha."

"Wifi, mtoto anaweza kupewa chupa siku mbili tatu."

"Nimesema haendi."

Msasa alikuwa anatazama dirishani. Mimi nimerudi nyumbani nikiwa nachemka. Mwanamke amewekewa mume upande mmoja na maziwa upande wa pili, akachagua maziwa. Basi, nitaenda mimi. Msasa nilimbeba mgongoni akiwa mdogo, mama alipokuwa kazini, nitashindwaje kumbeba leo?

Jumanne, 11 Machi
Majibu yametoka. Ninafaa. Nilidhani wanatafuta mtu anayefanana naye kabisa, kumbe sivyo. Daktari anasema seli zangu zikimwona ni wa nyumbani mia kwa mia, zitamsalimia zimwache na ugonjwa wake. Inatakiwa zimtambue nusu, nusu nyingine zimshuku. "Nyinyi wawili mmepishana vizuri sana," alisema.

"Hilo hata majirani wanalijua," Msasa akajibu.

Nimejaza fomu ya kurasa nne. Umewahi kuugua manjano? Hapana. Umewahi kuongezewa damu? Hapana. Unatumia dawa yoyote? Hapana. Uzito, umri, kazi. Nimeandika: mpimaji wa uotaji wa mbegu. Nesi akaniuliza hiyo ni kazi gani. Nikamwambia ninalaza mbegu mia kwenye kitambaa kibichi, siku ya saba ninahesabu zilizo hai. Zikipungua themanini, fungu zima haliendi kwa mkulima. Akasema, "Basi maabara yetu utaielewa haraka."

Jumatano, 12 Machi
Maharagwe 84. Mvua.

Jumatatu, 17 Machi
Leo wamechukua. Sindano mkono huu na huu, katikati mashine kama ya kukamua. Damu inatoka kulia, inazungushwa, wanachuja wanachotaka, iliyobaki inarudi kushoto ikiwa ya baridi. Saa nne nzima, huwezi hata kujikuna pua. Midomo ilikuwa inawasha, nesi akanipa vidonge vya madini ya chokaa vya kutafuna. Wifi alikaa na mimi muda wote. Ndiye aliyenikuna pua.

Msasa alichungulia mlangoni: "Dada, usiwape zote, acha za kupigana na yule fundi bomba aliyekula pesa yako."

Nimefurahi leo kuliko siku yoyote tangu Desemba, ugonjwa wake ulipogunduliwa. Ninaliandika bila aibu.

Alhamisi, 20 Machi
Nimepiga simu maabara. Mtaalamu anayezikuza anasema ni mapema.

Ijumaa, 21 Machi
Nimepiga. Mapema.

Jumatatu, 24 Machi
Siku ya saba. Nilimuuliza mtaalamu: kati ya mia, ngapi? Akasema, "Mama, zipo hai, ila zimelala. Kufikia leo zilitakiwa ziwe zimeongezeka mara kumi. Hazijaongezeka hata mara mbili."

Msasa amekohoa damu asubuhi, kama nusu kijiko. Wifi alifuta sakafu kabla binti hajaona.

Alhamisi, 27 Machi
Imeshindikana. Zimekufa nyingi kuliko zilizobaki. Daktari anasema hutokea, si kosa la mtu. Atanichukua tena Jumatatu. Kisha akaniuliza taratibu, kalamu mkononi: "Una uhakika hutumii dawa? Hata ya kununua dukani? Hata ya kienyeji?"

Nikasema hapana, na nilikuwa ninasema kweli kama nilivyoijua. Dawa kwangu ni ile unayoandikiwa na daktari.

Nilipofika nyumbani nikafungua daftari hili kutafuta kama niliugua mafua mwezi huu. Mafua sikuyaona. Nikaona jambo jingine. Vidonge viwili. Vidonge viwili. Vidonge viwili. Miaka mitatu na nusu, kila asubuhi.

Ijumaa, 28 Machi
Nimepeleka kifuko changu cha vidonge vya magoti kwa mfamasia aliye mkabala na kazini. Ninavinunua kwa mama mmoja sokoni, havina hata karatasi ya maelezo. Anaviita "vya kulainisha mifupa", na kweli nikivimeza ninapanda ngazi kama msichana.

Mfamasia alikitazama kimoja kwa kioo cha kukuzia, akageuza, akasoma alama. "Mama, hiki hakilainishi mfupa. Hii ni steroidi. Inatuliza uvimbe kwa kuilaza kinga ya mwili."

"Kuilaza vipi?"

"Kuilaza. Askari wote wanasinzia."

Nilishika meza. Akaniambia nisiache ghafla, mwili umeshazoea, nitaanguka. Inatakiwa kupunguza polepole kwa miezi, chini ya daktari.

Basi nimeziua mimi. Niliketi kwenye kiti kile saa nne nikijiona shujaa, nikampa mdogo wangu askari waliolewa.

Nimeshika simu mara sita. Nikimwambia daktari, watanitoa. Nikitolewa, amebaki binti ambaye mama yake amekataa, na Msasa hatapata kitu. Lakini nikiacha vidonge leo, Jumamosi, Jumapili, huenda Jumatatu damu iwe safi. Siku tatu. Hata kitambaa cha mbegu ukikisuuza mara tatu dawa inatoka.

Sijampigia.

Jumamosi, 29 Machi
Sijameza. Sijapiga simu. Mvua tangu asubuhi.

Jumapili, 30 Machi
Nilikwenda kumpikia Msasa supu. Magoti yanawaka na kichwa chepesi. Alikunywa bakuli zima ili kunifurahisha, akipumzika kila vijiko viwili. "Kesho tena kwenye mashine," akasema. "Unanipenda wewe, dada." Nikamwambia anywe supu.

Jumatatu, 31 Machi
Nilianguka kabla hawajanidunga. Nilikuwa ninavua koti, sakafu ikanijia usoni. Nilipozinduka nesi alikuwa ameinua miguu yangu na daktari amepiga magoti kando yangu.

"Umeacha kumeza nini?" Hakuuliza nimemeza nini. Alishaelewa.

Nikamwambia yote kuhusu vidonge. Kisha akauliza: "Umejua lini?"

Nikasema, "Leo asubuhi."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Lilikuwa limekaa tayari mdomoni.

Akanishika bega. "Ungejua Ijumaa tungempima binti siku ileile. Lakini hukujua. Usijitese."

Sijawahi kupigwa kofi zito kama huruma ile.

Wifi aliitwa. Niliongea naye kwenye benchi la korido, nikategemea anirarue. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitamleta binti leo."

"Lakini wewe ulikataa."

"Mimi?" Akacheka, kicheko kikavu. "Wifi, mimi ningemleta siku ya kwanza, tena kwa kukimbia. Mume wangu ndiye aliyenikataza. Alisema mtoto asiguswe, na akasema, 'Semea wewe, mimi wataning'ang'ania mpaka nikubali.' Nikasemea. Nikabeba macho yako wiki tatu."

"Sasa atakubali?"

"Hataulizwa."

Niliandika humu kwamba alichagua maziwa, na mwezi mzima nikamwona hana moyo. Sitafuta. Acha yakae yanitazame.

Alhamisi, 3 Aprili
Vipimo vya binti vimekamilika na wamechukua leo. Kichanga kilikaa kwa bibi yake, kikatema chupa kwa hasira. Msasa alimnunia binti dakika kumi, halafu akamwomba amsogezee mto.

Daktari amenirudishia vidonge kwa kipimo chake, vinapungua kila wiki.

Jumatatu, 7 Aprili
Zinaongezeka! Mara nne kwa siku nne.

Alhamisi, 10 Aprili
Mara kumi na tisa. Mtaalamu anasema hajaona zinazokimbia hivi. Msasa: "Zimemfuata mama yake. Mwanamke huyo akitumwa sokoni anarudi na soko."

Lakini sasa anasema maneno matano tu, kisha lazima avute pumzi.

Jumatatu, 14 Aprili
Jaribio la kutembea. Dakika sita na sekunde kadhaa, oksijeni tisini na mbili. Wifi alitembea kando yake bila kumgusa, mikono ameifunga nyuma kama mwalimu wa zamu. Alipomaliza wagonjwa wa benchini walimpigia makofi.

Nimehesabu. Ningesema Ijumaa ile, binti angetoa tarehe 31. Siku kumi na nne zingetimia leo. Leo angepewa.

Zilizopo zitakuwa tayari Alhamisi, mtondo tu. Hakuna kitu kinachobadilika kwa siku tatu.

Jumatano, 16 Aprili
Amekosa pumzi akiwa amekaa.

Alhamisi, 17 Aprili
Ninaandika kwa mpangilio kwa sababu nisipofanya hivyo nitapiga kelele.

Saa tatu kamili: tumefika. Msasa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa shati la kutokea harusini.

Saa tatu na nusu: mtaalamu ameingia na kisanduku. Ndani mfuko mdogo kama kiganja, maji meupe kidogo, kama yaliyosuuziwa mchele. Ndizo zote hizo. Binti akauliza, "Ndio mimi huyo?" Wakacheka.

Saa nne kasoro: akainuka kutembea. Hatua ishirini. Alishika ukuta. Kifaa cha kidoleni kikasoma themanini na tano. Daktari akasema apumzike.

Saa nne na nusu: hatua kumi na moja. Themanini na tatu.

Wakapiga picha. Maji yamejaa kuzunguka pafu, pamoja na uambukizo. Daktari alisimama na ile picha mbele ya taa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma picha.

"Siwezi," akasema.

Wifi akasema, "Zipo hapo. Ziko mezani."

"Mama, zitamzidishia uvimbe, atakufa mkononi mwangu leo hii."

"Zitangoja mpaka lini?"

"Saa sita mchana."

Msasa akasema, "Mpeni. Mwingine." Maneno mawili, pumzi mbili.

Hawezi kupewa mwingine. Daktari akaagiza zigandishwe zote. Alitueleza bila kutuficha kwamba seli hizi hazipendi barafu, nyingi hazitaamka. Binti alimtazama mtaalamu akiondoka na kisanduku, kifua cha gauni lake kimelowa maziwa. Akaenda kukaa ngazini.

Siku tatu. Jumatatu alitembea. Alhamisi hakuweza. Nimeketi chooni hospitali nikauma mkono wangu ili nisisikike.

Ijumaa, 18 Aprili
Wametoa lita moja na nusu ya maji. Mrija umebaki ubavuni.

Jumapili, 20 Aprili
Homa. Maneno matatu. Mvua haikatiki.

Jumatano, 23 Aprili
Maneno mawili. Wifi amenisogezea kiti chake nikalala nacho dakika chache, yeye akasimama. Laiti angejua anamsimamia nani.

Ijumaa, 25 Aprili
Homa imeshuka. Alimeza ndizi.

Jumatatu, 28 Aprili
Alitembea. Dakika sita, tisini na moja mwishoni. Hapakuwa na makofi, benchi lilikuwa na watu wengine.

Jumanne, 29 Aprili
Wameziyeyusha saa mbili asubuhi. Nilimwomba mtaalamu anionyeshe. Alinionyesha kwenye darubini: zilizokufa zimenywa rangi ya buluu, zilizo hai zinang'aa. Alihesabu yeye, nikahesabu mimi. Kati ya mia, hai arobaini na moja. Kazini ningegonga muhuri wa kukataa bila kuinua kichwa.

"Zinatosha?" daktari aliulizwa na wifi.

"Utafiti unaruhusu kuanzia arobaini."

"Sijauliza utafiti."

"Sijui, mama. Ndizo tulizonazo."

Msasa akatia saini. Mfuko uliisha kwa dakika ishirini na mbili. Saa kumi alianza kutetemeka, homa thelathini na nane na nusu. Nesi akasema inaweza kuwa ni seli zinafanya kazi. Sijapata kuona watu wakiifurahia homa namna ile.

Ijumaa, 2 Mei
Ameruhusiwa nyumbani. Daktari amempa wifi kazi: kila siku ahesabu maneno anayosema kwa pumzi moja, aandike. Leo manne.

Jumapili, 4 Mei
Nimemwambia.

Wifi alikuwa nje anaanika, jua la kwanza baada ya siku tisa. Nilikaa pembeni ya kitanda nikamwambia kwamba nilijua Ijumaa na si Jumatatu. Kwamba nilimdanganya daktari. Kwamba zile seli zote, mpya, zingekuwa mwilini mwake siku aliyotembea vizuri.

Alinitazama. Kifua kinapanda, kinashuka.

"Sina pumzi," akasema. Akavuta. "Ya kukasirika, dada." Akavuta tena. "Nikiipata. Nitakasirika."

Akageukia ukuta.

Jumanne, 6 Mei
Manne. Hajakasirika.

Jumamosi, 10 Mei
Nilimpelekea matunda. Akasema asante. Manne.

Alhamisi, 15 Mei
Matatu. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, sikujua ninangoja nini. Kumbe ninajua. Ninaingoja hasira yake kama mkulima. Nyumba nzima inamnyenyekea, na mimi ninaomba Mungu anitukane.

Jumatano, 21 Mei
Matano.

Jumatatu, 26 Mei
Picha mpya. Uvimbe mkubwa uko vilevile. Mdogo wa kushoto hauonekani. Maji hayajarudi. Wifi akamwuliza daktari hiyo maana yake nini. "Haujasonga mbele. Zaidi ya hapo sithubutu."

Nilimwambia daktari ukweli wa siku zile tatu, mlango ukiwa umefungwa. Nikamwuliza kama ndizo zilizomdhuru. Aliandika kitu kwenye jalada, akasema, "Maji yale huenda yalikuwa yameshaanza. Huenda hayakuwa. Sijui, na wewe hutajua." Hakunishika bega.

Ijumaa, 30 Mei
Sita. Mtama 79. Nimeukataa.

Jumatatu, 2 Juni
Mvua zinaaga. Manyunyu tu.

Nilipitia kwa Msasa baada ya kazi. Alikuwa amekaa sebuleni, amevaa viatu. Wifi alikuwa anakunja nguo. Nikasalimia, nikauliza kama amekula.

Alinitazama, uso ukaanza kubadilika, nikajua. Akashika mikono ya kiti.

"Ulijua Ijumaa ukanyamaza Jumamosi ukanyamaza Jumapili ukaja kunipikia supu ukaniangalia ninavyokunywa na bado ukanyamaza!"

Kisha akavuta pumzi, ndefu, na haikukatika njiani. "Na binti yangu akamwaga maziwa yake bure! Toka. Toka nyumbani kwangu, sitaki kukuona!"

Akakohoa. Kikohozi kikavu, bila damu. Nilimtazama midomo. Haikuwa ya buluu.

Wifi alikuwa ameacha kukunja nguo. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi. Hakuwa anajua. Niliona anavyojua, hatua kwa hatua, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili.

Nikachukua mkoba nikatoka. Wifi alinifuata mpaka getini, nikasimama ili aniambie lolote atakalo. Manyunyu yalikuwa yanamwangukia usoni na hakuyafuta.

"Umehesabu?" akauliza.

"Kumi na manne."

"Na mimi," akasema. Akafunga geti, akalikomea.